Siku Mama Alipopanda Kizimbani

Mwaka 1997, nilipokuwa kidato cha tatu, mama yangu aliitwa katika mahakama moja ya hakimu wilayani Bungoma ili atoe ushahidi dhidi ya mtu aliyeshtakiwa kumwibia mtamba wake wa pekee. Kwa majuma mawili alishikilia kwamba hataenda. Hakumwogopa mshtakiwa hata kidogo. Aliogopa Kiswahili chake mwenyewe. Sisi tuliolelewa kwa Lubukusu, sauti kama g, d, j na z hutuponyoka, hivi kwamba gari huwa "kari" na dawa huwa "tawa", na mama alikuwa amechekwa sokoni kwa ajili hiyo mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka.

Kilichomtoa nyumbani ni Vioja Mahakamani, kipindi cha vichekesho vya kesi za mahakamani. Tulikitazama kwa mwalimu, jirani yetu, katika televisheni isiyo ya rangi iliyotumia betri ya gari, watoto tukiwa sakafuni na watu wazima vitini. Kipindi hicho kilikuwapo tangu enzi za shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya, kabla halijawa KBC mwaka 1989, na kesi zake zilichekesha sana. Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini jambo lililonikaa moyoni lilikuwa jingine. Miongoni mwa wahusika wake, Ondiek Nyuka Kwota alijitetea kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, Masanduku arap Simiti kwa chenye Kikalenjin ndani yake, na Makokha kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. Wala sikumbuki hata siku moja hakimu akimnyamazisha mtu kwa sababu ya ulimi wake.

Usiku wa kuamkia kesi nilimwambia, "Mama, Makokha huongea kama wewe, na hakimu humsikiliza mpaka mwisho." Nilimweleza pia alichonifundisha mwalimu, kwamba sheria yetu imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za chini sawa na Kiingereza, na kwamba akihitaji mkalimani atapewa. Alinyamaza kwa muda, akiupekecha moto.

"Mkalimani hamjui ng'ombe wangu," akasema. "Nitasema mwenyewe, mwanangu."

Mengi tuliyoyakuta asubuhi ile niliyatambua: karani akiita majina, mwendesha mashtaka aliyekuwa afisa wa polisi, watu wote wakisimama hakimu alipoingia. Jambo moja tu televisheni haikuwa imenionyesha. Hakimu aliandika ushahidi wote kwa mkono, neno baada ya neno, na kila mara aliinua kalamu kumwomba mama asubiri. Utaratibu huo, uliowachosha wengine, ulimfaa mama kuliko nilivyotarajia, kwa maana ulimpa nafasi ya kuvuta pumzi na kuliandaa neno linalofuata.

Aliposema "chirani" badala ya jirani, mtu fulani nyuma yangu alicheka. Nilihisi mwili wangu wote ukiwaka. Mama hakugeuka. Wakili wa mshtakiwa akamuuliza angewezaje kumtambua mtamba gizani, ilhali katika kijiji kile ng'ombe wekundu walikuwa wengi. Mama alimtazama hakimu, si wakili, jinsi tulivyoona mashahidi wakifanya katika kipindi.

"Mheshimiwa, nilimsalisha mama yake kwa mikono yangu," akajibu. "Sikio lake la kushoto lilichanika kwa seng'enge, nikalitia tawa mimi."

Hakimu aliandika. Kisha akaagiza mtamba, aliyekuwa amefungwa uani kama kielelezo, akaguliwe, na sikio likaonekana lilivyo. Hukumu ilitolewa baada ya wiki kadhaa, na mtamba akarudi zizini.

Mara ya kwanza tuliporudi kwa mwalimu baada ya siku ile, Makokha aliingia kizimbani na chumba kizima kikaangua kicheko kabla hajafungua kinywa. Mama aliinua mkono kuwatuliza watoto, akasogeza kiti chake karibu na televisheni, akasema anataka kusikia mtu huyo anajitetea vipi.