Kwa Nini Walimwachia Peke Yake?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la juma hili ni Mwanzo 2:15, pale Mungu anapomweka mwanadamu katika bustani ya Edeni "ailime na kuitunza".

Jumamosi iliyopita watoto wa Shule ya Jumapili hapa Moshi waliangalia filamu ya katuni iitwayo WALL-E, iliyotengenezwa na Pixar mwaka 2008. Inasimulia dunia iliyojaa takataka hata wanadamu wakaihama na kukaa angani miaka 700, huku roboti mmoja mdogo akibaki kuzoa taka, kuzishindilia tumboni mwake mpaka ziwe kama matofali, na kuyapanga yakafikia urefu wa maghorofa. Nilitazamia watoto waulize juu ya taka zile. Binti wa miaka saba, aliyeketi mkekani mbele kabisa, aliuliza jambo jingine: "Mwalimu, kwa nini walimwachia peke yake?"

Sikuwa na jibu, na swali lile limenikaa moyoni. Ndani ya chombo cha angani wanadamu wamejilaza kwenye viti vinavyoelea, kila mmoja na kioo chake usoni, wakihudumiwa kila kitu, wasijue hata nani yuko ubavuni pao. Na kwa kweli asiyeiona dunia iliyomlea ndiye huyo huyo asiyemwona jirani. Mche mbichi aliouokota roboti na kuuweka ndani ya kiatu kikuukuu ulinikumbusha jani la mzeituni ambalo njiwa alimletea Nuhu, lakini swali la mtoto lilinichoma zaidi, kwa kuwa bustani hatukupewa ili mmoja aitunze na wengine wapumzike.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Mji wetu nao husifiwa kwa usafi, na sifa hiyo tunaipokea sote, ilhali wanaoamka alfajiri kufagia barabara, sisi tukiwa bado tumejifunika blanketi kwa baridi ya mlimani, ni wachache, na wengi wetu hatujui hata majina yao.

Jumatatu nilisimama mbele ya mmoja wao, mama aliyenizidi umri sana, aliyekuwa ameinama akichokoa mtaro kwa mpini wa fagio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwuliza taka nyingi hutoka wapi. Nilidhani angetaja soko au stendi. Aliinua fagio taratibu, akalielekeza kwenye geti la kanisa letu, akanieleza kwa upole kwamba Jumatatu ndiyo siku yake nzito kuliko zote, kwa ajili ya chupa za maji tunazoziacha mtaroni tukitoka ibadani.