Kuunda Jahazi la Mfano: Mataruma Kwanza, Tanga Baadaye

Wengi wanaotaka kuunda jahazi la mfano hapa Nairobi huanza na tanga: kitambaa gani, rangi gani, kamba za kuning'iniza vipi. Tunasema waache tanga kwanza. Uzuri wa chombo uko kwenye mataruma, yaani mbavu zake, na papi (mbao nyembamba za kufunika ubavu) zikishagundishwa, taruma lililokaa vibaya haliponi tena. Litajichora ubavuni hata upake vanishi mara ngapi.

Jahazi tunaloeleza ni la Lamu, lenye omo (sehemu ya mbele) iliyosimama karibu wima na tezi (sehemu ya nyuma) iliyokatwa bapa. La Zanzibar huwa na omo iliyolala zaidi, kwa hiyo usichanganye picha za haya mawili unapochora. Chukua chombo cha mita 12.5 kwa skeli ya 1 kwa 25: urefu wa mwili ni sentimita 50, upana kama sentimita 16. Mtu wa mita 1.75 atakuwa sentimita 7 kamili. Mkate kwa kadi, na umsimamishe chomboni kila unapopima kitu kipya. Kana (mpini) ya usukani ikimpita kichwani, kana hiyo ni kubwa mno. Mtu huyu wa kadi atakuokoa na makosa mengi kuliko rula.

Chora chombo kwa ubavu, kwa juu, kisha kila taruma peke yake. Taruma lichorwe nusu tu, karatasi ikunjwe katikati, zikatwe pande zote mbili kwa pamoja. Ukichora kulia na kushoto kwa mkono, tofauti ya milimita 1 haikosi, na macho huiona mara moja mtu anapotazama chombo kutoka omoni.

Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na mataruma vikatwe kwenye plaiwudi ya milimita 6. Huhitaji shiti nzima ya futi 8 kwa 4. Ulizia vipande vilivyobaki kwa mafundi wa makabati. Kabla ya kulipa, shika kipande usawa wa jicho utazame kingo zake. Kikiwa kimejikunja hata kidogo kiache, maana mkuku uliopinda haunyooki kwa gundi. Mataruma 11 yaliyoachana sentimita 4 yanatosha. Kila makutano yana mfuo wa nusu kwa nusu: mkuku ukatwe kutoka juu, taruma kutoka chini, vipishane. Mfuo ukilegea, tia ukanda mwembamba wa mbao. Usitegemee gundi ijaze nafasi, kwa kuwa taruma litainama ikikauka.

Hapa kuna jambo ambalo plani za meli za Ulaya hazikufundishi. Meli hizo zina sitaha juu inayoficha kila kitu. Jahazi liko wazi katikati, mzigo unaonekana, na plaiwudi nzima iliyosimama humo ni aibu. Basi mkuku uwe na kimo cha sentimita 3 tu katikati, upande juu kuelekea omo na tezi. Kwenye kila taruma la katikati chora mstari wa ndani, milimita 8 kutoka ukingoni, ukate sehemu iliyo ndani ya mstari huo mapema lakini uache daraja moja la mbao juu linalounganisha pande mbili. Madaraja hayo hushika umbo wakati wa kupiga papi, kisha hukatwa. Ukiyakata mapema, mbavu zitabanwa ndani na upana utapungua.

Gundi ikishakauka kwa usiku mzima, ndipo kazi yenyewe inapoanza. Chukua fito laini ya milimita 3 kwa 3, ilaze juu ya mataruma kutoka omo hadi tezi. Katikati itakaa vizuri. Karibu na omo utaona inagusa ncha moja tu ya ukingo wa taruma, kwa sababu ubavu unageuka pale. Piga msasa namba 120 uliofungwa kwenye kibao hadi fito iguse unene wote wa milimita 6. Sogeza fito chini kidogo, rudia. Usipofanya hivi, papi zitashikwa na mstari mwembamba wa gundi, zitafumuka, na penye taruma patajitokeza nundu. Kazi hii inachosha na haina picha ya kupendeza, lakini hakuna hatua nyingine inayolipa hivi.

Mbao ya papi iwe saipresi iliyonyooka nyuzi, isiyo na vifundo. Mkuku wa nje na fashini zake mbili (nguzo za omo na tezi) tunapendelea mahogani. Mvule ni mzuri lakini vumbi lake huwasha pua na ngozi, na kwenye chumba cha kupanga si la kuchezea. Ubao wa soko la Gikomba mara nyingi bado una maji. Uweke ndani ya nyumba na uupime kila wiki kwenye mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Nairobi mwezi wa Januari na Februari hewa ni kavu, na ndiyo maana vyombo vya mfano vilivyotengenezwa pwani hupasuka vikiletwa huku: mbao ilikauka kwa hewa ya bahari, ikaja kunywea zaidi bara.

Mwambie fundi wa msumeno wa meza arande ubao hadi unene wa milimita 7, kisha apasue vipande vya milimita 2. Msumeno wenyewe hula kama milimita 3, kwa hiyo kila papi inagharimu milimita 5, na ubao wa upana wa sentimita 15 hutoa papi 30 hivi. Unahitaji 50 pamoja na za kuharibika, basi nunua mbao mbili. Papi nyembamba ianguke upande wa nje wa msumeno. Ikibanwa kati ya msumeno na kizuizi, huruka kama mshale.

Sasa hesabu. Zungushia taruma la katikati ukanda wa karatasi, kutoka ukingo wa juu hadi mkukuni. Tuseme ni milimita 140: papi 20 kila upande. Pima hivyo hivyo taruma la kwanza la omoni. Likiwa na milimita 90, gawa kwa 20 upate 4.5. Basi kila papi ichongwe taratibu kutoka 7 hadi 4.5 inapofika mbele. Ikitoka chini ya nusu ya upana wake, yaani 3.5, haifai tena. Punguza idadi ya papi zinazofika omoni. Anayeacha kuchonga hulazimisha papi zipande juu ya nyingine, na omo ikaonekana imevimba.

Loweka papi kwenye maji ya moto nusu saa, ipinde, ibane kwa vibanio vya nguo, na uiache ikauke pale pale kabla ya kutia gundi nyeupe. Iliyogundishwa ikiwa mbichi hunywea na kuacha ufa. Anza juu, na upige moja kulia, moja kushoto. Kumaliza upande mmoja kwanza huvuta mkuku na kuupinda, na hautarudi. Kabla ya kubandika, pitisha penseli laini kwenye ukingo wa papi. Mstari mweusi unaobaki ni mwembamba kama unywele, na unafanana kabisa na kalafati, yaani kizibo cha nyufa kati ya mbao. Gundi iliyomwagika ipanguswe papo hapo kwa kitambaa chenye maji, la sivyo mafuta ya kitani utakayopaka baadaye hayatapenya na doa jeupe litabaki. Vitambaa vya mafuta hayo vitandazwe vikauke nje. Vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Chini ya mstari wa maji paka nyeupe, kwa kuwa majahazi hupakwa deheni ya chokaa na mafuta.

Mlingoti, sentimita 40, uelemee mbele kidogo. Foromali (mti unaobeba tanga) iwe ndefu karibu sawa na chombo, na ikae upande mmoja wa mlingoti. Kwa tanga, kitambaa cha marekani ni kizito mno kwa skeli hii. Tafuta pamba nyepesi kwenye maduka ya Biashara Street, ifue, iloweke kwenye chai ya rangi, ushone dasi (kamba ya ukingo) pembeni. Nyuzi ziwe za pamba, zipakwe nta ya nyuki. Jarari, kamba ya kupandisha foromali, hupita juu ya mlingoti, ikashuka na kufungwa nyuma yake, na mvuto huo ndio unaozuia mlingoti usiangukie mbele, kwa hiyo ikazwe kabla ya kamba nyingine yoyote. Demani, kamba ya kuongoza tanga, usiitie gundi. Mvua za Aprili hukaza nyuzi za pamba na kiangazi huzilegeza, na kwa fundo la kawaida utaweza kurekebisha.