Barua niliyomwandikia yaya kabla hajaja

Yaya wetu wa kwanza alikaa siku tisa. Siku ya kumi niliamka saa kumi na moja alfajiri kunyonyesha, nikakuta kitanda chake kimetandikwa, shuka zimekunjwa, begi halipo. Hakuna kilichopotea, hata kijiko. Ufunguo alikuwa ameuacha juu ya friji.

Ilikuwa 2023, mtaa wa Migosi hapa Kisumu, na mimi nimebakiza wiki tano za likizo ya uzazi. Sheria inampa mama miezi mitatu, lakini ukiwa na mtoto wa kwanza miezi hiyo hupita hujui ilipita wapi. Nilimpigia ajenti aliyetuletea yule msichana, ambaye ada yake alikuwa ameipokea mapema kabisa, na simu ikaita hadi ikakatika. Majirani wakaja kunipa pole. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha wasichana wa siku hizi, nami nikawasikiliza nikitikisa kichwa, kwa sababu siku hiyo visa hivyo vilikuwa vitamu.

Aliyekataa kunipa pole ni mdogo wangu. Yeye wakati huo alikuwa Ujerumani, karibu na Stuttgart, akiwa au pair, yaani kijana anayekaa na familia ya ugenini, anawasaidia kulea watoto huku akijifunza lugha yao. Nilipomaliza kulalamika akaniuliza, "Dada, mlimwambia nini kabla hajaja?"

"Kwamba kuna mtoto mmoja."

"Na maji?"

Nikanyamaza. Tunakaa ghorofa ya tatu. Wakati huo maji yalikuwa yakipanda mara mbili kwa wiki, siku nyingine ni kuteremka na mtungi wa lita ishirini hadi tangi la chini, kisha kupanda nao.

"Na nguo za mtoto? Na mama mkwe wako?"

Nguo ni za kufua kwa mikono. Mama mkwe huja kila mwezi kutoka Siaya kwa ajili ya kliniki yake ya presha, hukaa siku nne, na ana maoni kuhusu kila sufuria iliyomo nyumbani mwangu. Yote hayo yule msichana aliyagundua mwenyewe, moja baada ya jingine, ndani ya siku tisa.

Mdogo wangu akanieleza alivyochaguliwa yeye. Ile familia ilimwandikia barua ya kurasa nne kabla hajaamua lolote: watoto wanalala saa ngapi, nani huwapeleka shule, chumba chake kikoje, na kwamba mtoto mkubwa hurusha vitu akikasirika. Wakaongea kwa video mara tatu. Masharti ya kule yanajulikana kabla ya safari: uwe hujafikisha miaka 27, uwe na Kijerumani cha mwanzo, kazi isizidi saa 30 kwa wiki, upewe chumba chako, chakula na pesa za mfukoni euro 280 kwa mwezi. Lililonishangaza ni kwamba kabla ya hao alikuwa amekataa familia nyingine. Nikamuuliza, au pair anakataa wenye nyumba?

"Wananichagua, nami nawachagua," akasema. "Tena mimi hapa wananihesabu kama mgeni aliyekuja kujifunza utamaduni wao. Huyo wako ni mwajiriwa. Anastahili kuambiwa zaidi yangu."

Basi nikaketi usiku huo, mtoto akiwa begani, nikaandika barua. Ukurasa mmoja. Nikaandika maji, ghorofa, nguo, mama mkwe. Nikaandika kwamba mtoto wetu, Imani, huamka saa nane usiku na saa kumi na moja, ila usiku ni wangu na baba yake, si wa yaya. Kwamba chumba ni kidogo lakini kina mlango na kufuli. Kwamba Jumapili ni yake kuanzia asubuhi.

Palipotutoa jasho ni pa mshahara. Mtaani kwetu nilikuwa nimeambiwa elfu sita, saba ukiwa mkarimu. Baba Imani, ambaye hupenda kusoma vitu hadi mwisho, akatafuta agizo la serikali la mishahara la 2022. Yaya wa watoto yumo humo kwa jina, kapu moja na mfagiaji na mlinzi wa mchana, na kwa jiji kama Kisumu kima cha chini kilikuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi. Tukatazamana. Juu ya hizo kuna NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6 kutoka kwake na asilimia 6 kutoka kwetu, na NHIF, bima ya afya ya wakati huo, ya 600 maana SHA iliyochukua nafasi yake ilikuwa bado haijaja. Tulibishana siku mbili. Mwishowe king'amuzi kikakatwa, safari ya Krismasi ikafutwa, na mama aliyekuwa akituletea maziwa kila siku akawa anakuja siku moja na kuruka moja. Sisemi kila nyumba inaweza. Nasema tu kwamba mimi niliposhika kalamu na karatasi, niliona pesa nilizokuwa nikidai sina.

Safari hii sikutafuta ajenti. Niliwaambia kina mama wa kanisani na mwenye kibanda cha mboga, nikapata watatu.

Wa kwanza alitoka Ugunja. Nilimsomea barua kwa simu, na kila sentensi alijibu, "Sawa, madam." Maji? Sawa, madam. Mama mkwe? Sawa, madam. Nilipomuuliza kama ana swali, hakuwa nalo. Nilimwonea huruma, maana najua njaa husema sawa kwa kila kitu, lakini nilikuwa nimeshaona sawa kama hizo zinavyoisha.

Wa pili aliletwa na shangazi yake. Tulikutana Kondele, kwenye hoteli ndogo karibu na stendi. Shangazi aliongea, mtoto alitazama chini. Nikaomba kitambulisho. "Kiko njiani." Nikamuuliza binti mwenyewe alizaliwa mwaka gani, akataja mwaka uliomfanya awe na miaka 16, kisha akamtazama shangazi yake. Niliwanunulia chai na chapati, nikatoa nauli ya kurudi. Shangazi alikasirika sana, akaniambia wenzangu hawaulizi hayo. Yule binti alimaliza chapati zote mbili.

Wa tatu alikuwa mama wa watu, miaka 34, kutoka Khwisero, watoto wake wawili wakikaa na nyanya yao. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, kwa hiyo naye nilimsomea. Nilipofika pa maji akanikatiza. "Subiri, Mama Imani. Hapo rudia." Nikarudia. "Ni mitungi mingapi kwa siku?" Nikasema minne. "Na Baba Imani yeye hubeba?" Nikamtazama Baba Imani aliyekuwa amekaa hapo sebuleni. Tukakubaliana miwili ataibeba yeye kabla hajaenda kazini. Kisha akauliza kama ataruhusiwa kwenda nyumbani shule zikifungwa. Nikamwambia akimaliza mwaka ana siku 21 za likizo yenye malipo, tutazigawanya kulingana na likizo za shule.

Mama mkwe aliposikia akasema, "Huyo ana maswali mengi. Atawasumbua."

Nilimpigia mwajiri wake wa zamani. Sikumuuliza kama ni mtu mzuri, kwa sababu nani atasema vibaya kwa simu? Nilimuuliza, "Kwa nini aliondoka, na leo ungemchukua tena?" Alikaa kimya hadi nikadhani laini imekatika. "Aliondoka kwa sababu tulichelewesha mshahara miezi miwili," akasema. "Ningemchukua hata kesho." Hapo nilikuwa nimeshaamua.

Akaja kwa siku tatu za kujaribiana, nikamlipa 500 kila siku, mimi nikiwa nyumbani. Jambo la kwanza alilofanya ni kunawa mikono, kisha akasimama mbele ya Imani bila kumgusa, akaongea naye kwanza. Maziwa yangu nilikuwa nayakamua na kuyaweka kwenye friji. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu kuhusu chupa. Yeye akaomba kikombe kidogo. Akayapasha maziwa kwa kuketisha kikombe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, akamkalisha Imani wima mapajani, akagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini na kusubiri. Hakumimina. Imani akautoa ulimi, akaonja, akaanza kulamba polepole kama paka. Yalimwagika kidogo kwenye kitambaa. Ilichukua karibu nusu saa, na muda wote huo yule mama hakuangalia pengine.

Cheti cha mwenendo mwema, kile cha polisi, hakuwa nacho. Tuliomba kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, shilingi 1,050 tukalipa sisi, alama za vidole akapigwa Huduma Centre. Kilitoka akiwa ameshaanza kazi, jambo ambalo mdogo wangu wa Ujerumani alilikemea, na alikuwa na haki ya kulikemea.

Mwisho wa mwezi wa kwanza tuliketi watatu mezani, ile barua katikati, tuone kama kuna kilichobadilika. Nilikuwa na wasiwasi. Akasema maji ni sawa, chumba ni sawa, mama mkwe wameelewana, tena wanapika omena pamoja. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi.

"Ila kuna kitu hukuandika, Mama Imani."

"Kipi?"

"Kwamba Baba Imani hukoroma."

Baba Imani akachukua kalamu, akaongeza mstari.