Siku moja ya mshauri wa fedha mpakani Busia

Saa 11:30 alfajiri. Baada ya swala, kabla watoto hawajaamka, hufungua daftari la wateja na kuandika nitakaowaona siku hiyo, na mbele ya kila mmoja naandika swali moja: anadaiwa na nani? Huu ni mwaka wangu wa saba katika ushauri wa fedha hapa Busia, upande wa Uganda, na nimeona kwamba mtu hukutajia mapato yake mapema, lakini deni hulitoa mwishoni, akiwa tayari amesimama aondoke. Sina mshahara. Nalipwa kamisheni ya bima ninazouza, na ushauri mwingine wote ninaoutoa hauniletei hata shilingi.

Saa 2:00 asubuhi. Natembea hadi sokoni, ambako Hajati anauza maharagwe na mukene, wale dagaa wa ziwani, na wateja wake wengi hutoka ng'ambo ya Kenya. Daftari lake la hesabu amelifunga ndani ya leso. Kulia ameandika shilingi za Uganda, kushoto za Kenya, na katikati, kwa kalamu nyekundu, pesa alizotoa kwenye biashara kununulia sukari ya nyumbani. Wateja wenye elimu kubwa hawaniletei rekodi safi kama hiyo. Alikuwa ameniita ili amkatie mjukuu wake bima ya elimu, na mimi nilikuja na fomu mkononi. Tulipofika ukurasa wa mwisho akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, kuna mtu ana kitambulisho changu."

Alikuwa amekopa kwa mkopeshaji binafsi, naye akakishika kitambulisho chake cha taifa kama dhamana. Nilimweleza kwamba sheria ya mwaka 2016 inayosimamia wakopeshaji inakataza jambo hilo, na kwamba ana haki ya kukidai hata kabla hajamaliza kulipa. Fomu nikairudisha mkobani. Bima ya elimu ikikatizwa mwaka wa kwanza, mara nyingi mteja hapati chochote, na mtu mwenye deni la riba ya kila mwezi ataikatiza tu. Tukapanga amalize deni kwanza, ndipo tuzungumze habari za mjukuu.

Saa 4:30. Mwalimu wa shule ya binafsi, mwenye umri wa miaka 46, anataka kutoa sehemu ya akiba yake NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20. Tulipofungua taarifa yake kwenye simu, tukakuta miezi mitano haina mchango wowote, ilhali asilimia 5 yake imekatwa kwenye kila mshahara na mwajiri alipaswa kuongeza asilimia 10. Nilimsaidia kuandika barua ya kudai, kwa maneno ya heshima, na kuambatanisha hati za mshahara. Lile la kutoa akiba tuliliahirisha.

Saa 7:00 mchana. Chakula, pamoja na binti ninayemfundisha kazi, ambaye anajiandaa kwa mtihani wa cheti cha umahiri ambao kila wakala wa bima hutakiwa kuufaulu kabla ya kupewa leseni.

Saa 9:00 alasiri. Boda boda (neno lililozaliwa papa hapa mpakani, enzi za baiskeli) inatupeleka kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Sanduku lao la chuma lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanawake watatu wasioishi nyumba moja. Mwezi ujao wanagawana akiba yao, nao wanauliza kama sehemu ya fedha inaweza kukaa mahali pa kuzaa zaidi. Nikachora ubaoni hati fungani ya serikali ya miaka 10, yaani unaikopesha serikali kupitia Benki Kuu nayo inakulipa riba, nikitumia riba ya asilimia 15 kwa mfano tu: shilingi 1,000,000 huzaa 75,000 kila baada ya miezi sita, na kodi ya asilimia 10 ikikatwa hubaki 67,500. Kwa hati ya miaka mitano kodi ni asilimia 20, kwa hiyo hubaki 60,000.

Mama mmoja mwenye ufunguo akauliza, "Na hilo sanduku la Benki Kuu, ufunguo wake atashika nani?" Sijapata kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Nikawaeleza kwamba akaunti hufunguliwa kupitia benki ya kawaida, na wanaweza kuweka sahihi tatu kama zilivyo kufuli zao. Nikawaambia pia kwamba fedha hizo hazitolewi kwa haraka mtoto akiugua, hivyo fungu la dharura libaki sandukuni. Aliyenileta kwenye kikundi hiki ni mama ambaye miaka miwili iliyopita nilikataa kumuuzia bima kwa sababu kipato chake hakikuitosha.

Saa 12:15 jioni. Msimamizi wangu anapiga simu kuuliza nimeuza ngapi. Sijauza hata moja. Ananikumbusha lengo la mwezi, nami namjibu kwamba katika wateja wangu wa mwaka jana wawili tu ndio walioacha kulipa. Naomba hesabu hiyo nayo iandikwe.

Saa 3:00 usiku. Watoto wamelala. Yule binti ninayemfundisha kazi ananitumia jibu la zoezi nililompa: ameikokotoa hati ya miaka mitano akakata kodi ya asilimia 10. Nampigia, tunairudia pamoja tangu mwanzo hadi anafika 60,000.