Siku tulipojaza maji bafuni

Malipo ya tatu ya ukarabati wa bafu la ghorofani hayakufuata tarehe. Yalifuata maji: mkandarasi angelipwa baada ya sakafu kukaa na maji saa 24 bila kuvuja, kabla ya kigae hata kimoja kubandikwa. Aliposoma kipengele hicho alicheka, akasema dawa yake ya kuzuia maji haijawahi kumwangusha. Basi hana cha kupoteza, nikamjibu, naye akasaini.

Kwa macho, kazi ilikuwa safi. Sakafu ilishuka sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Dawa ilipigwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukiukatiza wa kwanza, tena kwa rangi tofauti ili paliporukwa paonekane. Kwenye pembe walizamisha ukanda wa kitambaa ndani ya mkono wa kwanza, kwa kuwa sakafu na ukuta hucheza pale vinapokutana, na dawa peke yake hupasuka. Ukutani ilipanda sentimita 30, sehemu ya kuogea ikafika mita 2.

Fundi bomba akaziba tundu kwa kizibo cha mpira kinachojazwa upepo, akajenga kizingiti cha muda mlangoni, akajaza maji kimo cha sentimita 5. Huo ni uzito wa kilo 50 kwa kila mita ya mraba; zege letu liliubeba, ila sakafu ya mbao ingetaka hesabu kwanza. Tulichora alama ya penseli ukutani, tukaweka na ndoo ya maji pembeni, nayo ikiwa na alama yake. Maji hugeuka mvuke yenyewe; ndoo huonyesha yaliyopotea kwa njia hiyo, na bila ndoo ile watu hubishana bure.

Kesho yake maji ya sakafuni yalikuwa yameshuka kuliko ya ndoo, na dari ya chini ina duara la unyevu. Mkandarasi akaagiza mkono wa tatu wa dawa chumba kizima. Fundi bomba, kijana wa maneno machache, akapinga: "Bosi, duara liko chini ya bomba la tundu. Katikati ya chumba ni pakavu."

Tukachimbua. Nafasi kati ya bomba la plastiki na zege ilikuwa imejazwa rojo la kawaida la saruji na mchanga, ambalo husinyaa likikauka na halishiki plastiki laini. Maji ya moto yakipita, bomba hutanuka na kurudi, ufa ukazidi. Dawa juu yake ilikuwa imechanika kama uzi, isingeonekana bila tochi. Bomba likakwaruzwa kwa msasa, nafasi ikajazwa saruji isiyosinyaa, ukanda wa kitambaa ukazungushwa shingoni, na dawa ikapigwa upya hadi ndani ya mdomo wa tundu.

Mkandarasi aliyaandika marekebisho hayo kama kazi ya ziada. Haikuwa hivyo: mkataba ulisema kazi ya ziada ni ile inayobadili mchoro, na isainiwe kabla ya kuanza. Alinung'unika, akaifuta.

Jaribio la pili, sakafu na ndoo zilishuka sawasawa. Akalipwa siku hiyohiyo, isipokuwa ile asilimia 10 ya kila malipo iliyoshikiliwa hadi uishe muda wa kasoro, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro zikijitokeza. Fundi vigae akaanza. Dari ya chini tuliiacha bila rangi mpaka ikauke kabisa.