Sahani ya fuvu imefika Ngamiani

Nina siku ya nne tu Tanga na nimeshasemwa. Shangazi kafungua begi langu hapa Ngamiani, kapita viatu, kapita mafuta ya kupaka, mkono ukatua kwenye santuri yenye maiti anayechomoka kaburini huku radi inampiga kichwani. "Astaghfirullah! Miaka tisa Uingereza, watoto wa wenzio wanaleta simu, wewe umetuletea jini?"

Jini lenyewe lina jina, linaitwa Eddie, na santuri ni Live After Death ya Iron Maiden, bendi ya Waingereza ya metali, yaani muziki wa magitaa mazito, ya mwaka 1985, sahani mbili ndani ya jalada moja. Wala sikuinunua. Na begi lilizidi kilo, nikatozwa pauni 65 uwanja wa ndege. Nyie mnaopanga chumba Makorora hapa Tanga hesabuni wenyewe ni miezi mingapi. Hilo halisemwi. Linalosemwa ni jini.

Santuri nimepewa na jirani yangu wa Walthamstow, London. Mzee wa miaka sitini na ushei, nywele nyeupe hadi mgongoni ingawa utosini zimeshahama, na fulana nyeusi ya fuvu kila siku ya Mungu. Miaka miwili nilikuwa nikimkuta kwenye lifti napanda ngazi, ghorofa ya tano, na mifuko mkononi. Nilijiambia huyu ndiye wale watu wabaya tuliohadithiwa.

Januari mtambo wa kupasha nyumba joto ukafa. Mwenye nyumba, mtu wa suti na meno meupe, ambaye kodi ikichelewa saa moja tu anapiga, nikamtafuta siku nne hapokei. Usiku wa nne natoka zamu, nalikuta fuvu limesimama mlangoni kwangu limebeba hita. Akasema nichukue, yeye ana nyingine. Uongo. Baadaye ndiyo nikajua alikuwa na hiyo hiyo moja, akalala na koti.

Kwa hiyo nyie mnaonijazia simu kila wiki mkiuliza mje vipi Uingereza: mkipanga nyumba, amana msitoe bila risiti, na siku ya kuingia piga picha kila ukuta. Mimi nyumba ya kwanza walinizuilia pauni 700 kwa doa nililolikuta. Na huyo aliyezizuia alikuwa amevaa tai.

Tukazoeana. Nikamwambia baba yangu ana gramafoni iliyonyamaza kwa sababu ya sindano. Akataka picha ya kichwa cha mkono wa gramafoni, pale inapochomekwa sindano, akahangaika wiki mbili akaipata sindano inayoingia, halafu juu yake akaweka santuri. "Mpelekee mzee. Upande wa nne, mimi nimo." Pande tatu zilirekodiwa Long Beach, California, Machi 1985. Wa nne ni London, ukumbi wa Hammersmith Odeon, Oktoba 1984, naye alikuwepo, na anaapa kuna mluzi mmoja mrefu baina ya nyimbo ambao ni wake.

Jumapili jioni baba akaiweka. Ngoma zikatoka mbio, mwimbaji analia kama panya aliyenaswa mkia. Tukatulia kwa adabu, dakika nzima. Mimi nikaona ndivyo metali ilivyo. Baba ndiye aliyechungulia swichi: imekaa kwenye 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika, mwendo wa vile visahani vyake vya Jamhuri Jazz, bendi ya dansi, na Black Star, kikundi cha taarabu, wote wa hapa Tanga. Akaishusha 33, panya akawa mtu.

"Haya magitaa mawili yote ya solo," akasema. "Sikiliza, hili linapanda, lile linapanda nalo, halimkanyagi mwenzake." Huyu ujanani dansi la Atomic Jazz lilikuwa halimpiti. Besi akalisifu zaidi, kwamba bwana yule hapumui. Shangazi toka jikoni akauliza hao wanaopiga makelele wanachapwa?

Upande wa nne baba aliacha kabisa kusikiliza muziki. Alikuwa anasikiliza watu. Akarudisha sindano mara tatu kuutafuta mluzi wa jirani.

"Shakila wa Black Star akiimba," akasema, "mama yako alikuwa anapiga kigelegele mpaka wapigaji wanageuka kumtazama. Sahani zetu wamerekodi wanamuziki peke yao, zikaenda kuchapwa Kenya. Watu tukabaki huku."

Umeme ukakatika. Spika zikafa, lakini sahani haikusimama mara moja, na sindano bado imo mferejini. Baba akainama, nami nikainama. Hammersmith nzima ilikuwa inanong'ona pale kwenye sindano, nyembamba kama mbu, ikazama, ikazama, ikanyamaza.

Narudi Ijumaa. Baba amechagua kisahani kimoja cha Black Star, amekifunga kwenye kanga ya marehemu mama. "Mwambie jirani yako apige kwa arobaini na tano. Asije akadhani taarabu ni matanga."