Koo la Muadhini

Ami yangu alikuwa muadhini wa kijijini kwetu, upande wa Wete, tangu mimi sijaanza chuo. Sauti ilipoanza kumkwaruza tulisema ni baridi ya kusi. Akanywa tangawizi, akanywa asali, miezi mitatu ikapita. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, "Ami, pumzisha koo tu." Neno hilo linaniuma mpaka leo. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu haingojewi.

Unguja walimtia kamera kooni, wakakata kinyama kidogo, majibu yakawa saratani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni. Baada ya kipimo cha CT, zile eksirei zinazoonesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, daktari, binti mdogo kuliko mimi, alitugeuzia skrini. Uvimbe ulikuwa kwenye uzi wa sauti wa kushoto. Akaweka ncha ya kalamu pembeni yake.

"Hapa ndipo panaponishinda, mzee wangu. Hii ni gegedu, ule mfupa laini wa zoloto, au ni uvimbe ulioila gegedu? Kwenye picha hii vinafanana. Kama umeshaipenya, huenda ikabidi tuliondoe zoloto lote."

Ami hakujibu. Aliivua kofia, akaishika mapajani.

Akatueleza kuwa Dar es Salaam ipo mashine ya CT inayopiga eksirei za nguvu mbili. Kwa nguvu hizo mbili, kompyuta huweza kuitambua ayodini, ile dawa inayodungwa mshipani, na kuipa rangi yake peke yake. Uvimbe una damu, kwa hiyo huinywa dawa. Gegedu haina mishipa ya damu, haiinywi. Tukavuka.

Aliambiwa asimeze mate wala asikohoe. Alipotoka akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kikoi chake kimeroa. Hakikuroa. Dawa ile hupitisha joto mwilini hadi kinenani, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Mzee wa heshima zake hakustahili kupata hofu ile peke yake.

Tuliporudi Unguja, picha ilikuwa na rangi: uvimbe wa chungwa kama embe bivu, gegedu nyeusi, na mpaka kati yao umenyooka.

"Hatuoni kama imeliwa," daktari akasema. "Tutaanza na mionzi, zoloto libaki."

Ami akasogeza kiti. "Mwanangu, nioneshe sauti inapotokea."

Akaoneshwa nyuzi mbili. Alizitazama muda mrefu, kisha akavaa kofia yake na kuuliza kibla kiko upande gani, maana alasiri ilikuwa imeingia.